Ugonjwa uleule, mmoja siku tatu, mwingine siku sita: tofauti ipi ni ya mgonjwa na ipi ni ya hospitali?

#1 Mleta uzi, Kigoma

Wanajukwaa, salaam. Nafanya kazi katika kitengo cha kuboresha huduma cha hospitali moja hapa mkoani Kigoma. Sitaitaja jina, kwa sababu ninayotaka kuyaeleza yanafanana na ya hospitali nyingi za Kanda ya Magharibi, na sipendi mjadala ugeuke kuwa wa kumtafuta mchawi. Ningependa tujadili kwa utulivu suala la wagonjwa wenye ugonjwa mmoja na hali moja kukaa wodini kwa muda unaotofautiana mno.

Chukueni akina mama wawili waliofanyiwa upasuaji wa uzazi usiku mmoja, wote kwa sababu mtoto alikaa vibaya tumboni, wote bila homa, bila kutokwa damu kupita kiasi, na watoto wao wananyonya vizuri. Mmoja anaruhusiwa siku ya tatu, mwenzake siku ya sita. Ukisoma mafaili yao ukurasa kwa ukurasa hukuti chochote katika miili yao kinachoeleza siku hizo tatu za ziada. Unachokuta ni kwamba wa kwanza aliangukia kwa daktari anayetoa dozi moja ya dawa ya kinga, yaani ya kuzuia maambukizi, kabla ya kisu na kuishia hapo, na wa pili akaangukia kwa daktari anayeamini katika sindano za siku tano. Unakuta pia kwamba wa kwanza alitolewa mpira wa mkojo asubuhi iliyofuata na kuambiwa ainuke atembee, ilhali wa pili aliachwa nao mpaka raundi kubwa ya Alhamisi kwa sababu hakuna aliyeandika kwamba utolewe.

Tofauti ya namna hii haionekani kwenye taarifa zetu. Kila mwezi tunajumlisha siku za vitanda, tunagawa kwa idadi ya waliotoka, tunapata wastani, tunauingiza kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya, na kazi imekwisha. Wastani wa siku nne unaweza kutoka kwenye wodi ambayo karibu kila mtu hukaa siku tatu, nne au tano, na unaweza vilevile kutoka kwenye wodi ambayo wengi hukaa siku moja huku wachache wakikaa mwezi mzima. Wodi ya kwanza huenda haina tatizo lolote, na ya pili ina tatizo ambalo hata mganga mfawidhi hawezi kuliona kwa kuitazama tarakimu ile.

Kwa nini jambo hili ni zito hata kama kila mgonjwa hatimaye anapona na kwenda kwake? Kwa sababu ya vitanda. Kuna kanuni iliyothibitishwa kihesabu na John Little wa Marekani mwaka 1961, ambayo ni rahisi kiasi kwamba inafaa kubandikwa kwenye mlango wa kila ofisi ya wodi: idadi ya watu walio ndani, kwa wastani, ni sawa na idadi ya wanaoingia kwa siku mara siku anazokaa kila mmoja. Tuseme wodi ya uzazi inapokea akina mama 6 kwa siku. Wakikaa siku 4, wodi itakuwa na watu 24 kwa wastani. Wakikaa siku 5, watakuwa 30. Siku moja tu imewalaza wengine sita, na hapo hajaongezeka mgonjwa hata mmoja. Anayelala na mwenzake kitanda kimoja, au kwenye godoro la sakafuni, mara nyingi amelazwa hivyo na siku za ziada za mtu mwingine.

Hesabu hiyo ni ya wastani, na hali halisi ni ngumu zaidi, kwa kuwa wagonjwa hawaji sita sita kila siku. Siku nyingine wanakuja wawili, siku nyingine kumi na mmoja. Wodi ikiwa imejaa muda wote haina pa kuwaweka hao kumi na mmoja. Watafiti wa Uingereza waliochapisha kazi yao mwaka 1999 walitumia kompyuta kuiga mwenendo wa wagonjwa wa dharura, wakaona kwamba hatari ya kukosa kitanda huanza kujitokeza wastani wa vitanda vinavyotumika unapovuka takriban asilimia 85, na ukivuka 90 hospitali huingia kwenye mkwamo mara kwa mara. Kuna wakubwa wanaojivunia wodi kujaa asilimia mia, wakiona ni dalili ya kufanya kazi. Mimi naona ni dalili kwamba mgonjwa ajaye atalala chini.

Sasa nirudi kwenye tofauti zenyewe. Zipo za aina mbili. Ya kwanza huja na mgonjwa: umri wake, upungufu wa damu alionao, siku alizochelewa nyumbani, ukali wa ugonjwa, umbali wa kwao. Hiyo hatuwezi kuifuta, na hatupaswi kujaribu, kwani kazi yetu ni kuitambua na kuipangia. Aina ya pili tunaitengeneza wenyewe: nani yuko zamu, leo ni siku gani, kemikali ya maabara ipo au imeisha, karatasi iko mezani kwa nani. Mgonjwa hakuja nayo, ameikuta kwetu.

Tazameni ruhusa ya siku ya Ijumaa. Daktari anapita raundi saa tatu asubuhi na kusema kwa mdomo, "Huyu anaweza kwenda." Muuguzi ana wagonjwa thelathini na wenzake wawili, kwa hiyo faili linabaki kwenye toroli mpaka raundi iishe, karibu saa sita. Daktari mdogo anaitwa thieta, chumba cha upasuaji, kabla hajaandika muhtasari wa ruhusa. Saa nane faili linakwenda famasi kwa ajili ya dawa za nyumbani, dawa moja haipo, linarudi ili daktari abadilishe. Saa tisa na nusu linafika kwa mhasibu, ndugu wanaambiwa deni, baba yuko Ujiji anatafuta fedha. Kama ni mtu anayestahili msamaha, karatasi lazima ipite kwa afisa ustawi wa jamii, naye ofisi yake imefungwa saa tisa na nusu. Mgonjwa aliyepona Ijumaa asubuhi anaondoka Jumatatu mchana. Kwenye kitabu cha MTUHA, rejista ya taarifa za huduma za afya, ataandikwa siku tatu zaidi, na mwisho wa mwezi tutasema wagonjwa wetu wana hali mbaya.

Msimamo wangu ni kwamba tusianze kwa kuamrisha siku zipungue. Tuanze kwa kuondoa hizi tofauti tulizozitengeneza wenyewe, na siku zitapungua zenyewe pale zinapostahili kupungua, na kubaki pale mgonjwa anapozihitaji. Naomba michango, hasa ya wanaoshinda wodini.

#2 Muuguzi, wodi ya wazazi, Kasulu

Ndugu mleta uzi, umeyasema kama uliyekuwa umesimama nyuma yetu. Niongeze kidogo kuhusu hizo sindano za siku tano, kwa sababu sisi ndio tunaozichoma.

Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba dawa ya kinga kwa upasuaji wa uzazi itolewe kabla ya kupasua, na kwamba isiendelezwe baada ya upasuaji kukamilika kwa ajili ya kuzuia maambukizi tu. Wapo wanaosema hayo ni ya Ulaya, kwamba thieta zetu zina vumbi na maji ya kubahatisha. Lakini jaribio lilifanyika hapa jirani, hospitali ya Bugando, Mwanza, likachapishwa mwaka 2013: akina mama wa upasuaji wa dharura waligawanywa, baadhi wakapewa dozi moja ya jentamaisini na metronidazo, wengine dozi nyingi, na kundi la dozi moja halikupata maambukizi zaidi ya wenzao. Mwanza si Ulaya.

Tunalosahau ni kwamba sindano yenyewe ndiyo inayomfunga mama kitandani. Akiwa na kanula, ule mrija wa kupitishia dawa kwenye mshipa, mkononi haruhusiwi kwenda, hata kama anafua nguo za mtoto bombani. Mkiniuliza mimi, karatasi ya dawa ndiyo inayoamua siku za kulazwa kuliko kidonda.

#3 Daktari, Kigoma

Nimesoma kwa makini, na ninakubaliana na sehemu kubwa ya maelezo kuhusu ruhusa ya Ijumaa. Hata hivyo nina mashaka makubwa na mwelekeo wa jumla wa uzi huu.

Kwanza, tofauti kati ya daktari na daktari si uzembe wakati wote. Mimi nikimwona mama ambaye amepasuliwa baada ya uchungu wa siku mbili, aliyefanyiwa vipimo vya ndani mara nyingi kwenye zahanati, chupa ikiwa imepasuka tangu juzi, sitampa dozi moja na kumwacha, hata kama kwenye faili ameandikwa kuwa hana homa. Huyo si mgonjwa wa kinga tena. Ni mgonjwa wa tiba. Mtu wa takwimu atakayelinganisha faili lake na la mama aliyepasuliwa kwa kupangwa ataniona mimi ndiye ninayeleta tofauti.

Pili, mwongozo ukishabandikwa ukutani hugeuka amri. Daktari kijana huacha kufikiri. Nimefanya kazi miaka mingi ya kutosha kujua kwamba mgonjwa mmoja katika kumi hafuati kitabu, na huyo ndiye anayekufa tukimlazimisha akifuate.

Tatu, tukipimwa kwa siku, tutawatoa watu wakiwa hawajapona. Marekani walipobadilisha malipo ya bima ya wazee mwaka 1983, hospitali zikalipwa kiasi maalumu kwa kila aina ya ugonjwa badala ya kulipwa kulingana na gharama za matibabu, siku za kulazwa zilishuka upesi. Watafiti wa taasisi ya RAND walipochunguza, wakaeleza mwaka 1990 kwamba vifo havikuongezeka, lakini wagonjwa waliotoka hali zao zikiwa hazijatulia waliongezeka. Sisi tunaelekea kwenye Bima ya Afya kwa Wote chini ya sheria ya mwaka 2023. Swali la namna ya kulipa hospitali litafika mlangoni kwetu pia.

#4 Mleta uzi

Daktari, nashukuru kwa hoja nzito. Ya tatu naiweka kiporo kidogo. Nianze na hizo mbili.

Mama mwenye uchungu wa siku mbili na chupa iliyopasuka tangu juzi ana tofauti aliyokuja nayo, na hakuna anayetaka umtibu kama wa kupangwa. Ninachoomba ni kwamba sababu hiyo iandikwe. Hospitali za Intermountain, katika jimbo la Utah, Marekani, zilipitia mjadala huuhuu katika miaka ya 1980. Daktari Brent James na wenzake waliwalinganisha madaktari waliokuwa wakifanya upasuaji wa tezi dume kwa wagonjwa wanaofanana, wakakuta tofauti kubwa katika namna walivyofanya kazi, muda wa kulaza na gharama. Hawakumwadhibu mtu. Waliwaonyesha madaktari wenyewe takwimu zao. Baadaye walipotengeneza mwongozo wa kutumia mashine za kupumulia kwa wagonjwa mahututi wa mapafu, kanuni ilikuwa kwamba daktari anaruhusiwa kuuacha mwongozo wakati wowote akiona mgonjwa wake anahitaji vingine, ila aandike kwa nini. Kila alipouacha, kikao kilijiuliza kama mgonjwa ndiye wa pekee au mwongozo ndio wenye kasoro. Mara nyingi ilikuwa mwongozo, nao ukarekebishwa.

Kwa hiyo yule mmoja katika kumi unayemzungumzia ndiye anayenufaika zaidi. Wale tisa wakitibiwa kwa njia moja inayojulikana, muuguzi wa zamu ya usiku ataona mara moja kwamba wa kumi anakwenda kombo. Leo hii kila mmoja ana utaratibu wake, hivyo hakuna kinachoonekana kuwa si cha kawaida.

Nigusie pia thieta, ingawa si eneo langu. Eugene Litvak, mtaalamu wa uendeshaji wa hospitali wa Boston, alionyesha jambo ambalo wengi hulikataa wakilisikia mara ya kwanza: mara nyingi idadi ya wagonjwa wa upasuaji wa kupangwa hupanda na kushuka kwa siku kuliko idadi ya wagonjwa wa dharura. Dharura huja kwa bahati nasibu lakini kwa kiwango kinachotabirika. Ratiba yetu ndiyo inayowakusanya wagonjwa wote wa henia Jumatatu jioni ili wapasuliwe Jumanne, kisha wodi inajaa Jumatano na kubaki nusu tupu Jumapili. Huku kwetu lipo na la ziwa. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka hupumzika nchi kavu. Hapo ndipo wanapokuja na henia zao walizozivumilia. Hiyo ni tofauti wanayokuja nayo, na kalenda ya mwezi inaitabiri bila kosa, lakini sijawahi kuona ratiba ya thieta iliyoitazama.

#5 Mtunza takwimu, Tabora

Mimi ni mtu wa kumbukumbu za wagonjwa huku Unyanyembe, nitazungumza kuhusu namna ya kuliona tatizo, maana daktari na mleta uzi wanabishana juu ya kitu ambacho wote wawili hawajakichora.

Mwaka 1924 Walter Shewhart, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya simu ya Bell huko Marekani, alichora grafu ya kwanza ya aina ambayo leo inaitwa chati ya udhibiti. Alikuwa akishughulika na ubora wa vifaa vya simu, lakini mantiki yake inafaa wodini. Unapanga vipimo kwa mfuatano wa muda, unachora mstari wa wastani, kisha mipaka miwili, ya juu na ya chini, inayokokotolewa kutokana na vipimo vyenyewe. Vinavyochezacheza ndani ya mipaka ni tabia ya kawaida ya mfumo. Hakuna haja ya kumwita mtu ofisini kwa ajili ya kimoja kilichopanda. Kinachotoka nje ya mipaka kina sababu yake mahususi, na hicho ndicho cha kufuatilia siku hiyohiyo, kumbukumbu zikiwa bado mbichi.

Makosa tunayoyafanya kwenye vikao ni mawili na yanapingana. Tunaona mwezi huu siku za kulazwa zimepanda kutoka 4.1 hadi 4.4, tunamtaka mkuu wa wodi ajieleze, naye anatunga sababu, wakati kupanda huko ni kuchezacheza kwa kawaida. Na kwa upande wa pili, mgonjwa anakaa siku 58 kwenye kona ya wodi na hakuna anayeuliza, kwa kuwa ameshayeyukia ndani ya wastani.

Hao wa kona ndio wanaonihusu zaidi. Siku za kulazwa hazijipangi sawasawa pande zote mbili za wastani; upande wa chini hauwezi kwenda chini ya siku moja, upande wa juu hauna mwisho. Ndiyo maana mimi, pamoja na wastani, humwangalia mgonjwa wa katikati nikiwapanga wote kuanzia aliyekaa kidogo mpaka aliyekaa sana, kisha namwangalia wa tisini katika mia. Kwenye wodi ya upasuaji ya wanaume, wa tisini huwa karibu kila mara ni kijana wa bodaboda aliyevunjika paja.

Huyo naomba nimzungumzie. Paja likitibiwa kwa kuvutwa mguu kwa uzito, mgonjwa hulala chali wiki sita au zaidi. Likifungwa kwa chuma cha ndani ya mfupa, hutoka baada ya siku chache akitembea kwa magongo. Lipo shirika la Marekani liitwalo SIGN, lililoanzishwa na daktari Lewis Zirkle mwaka 1999, linalotoa vyuma vilivyobuniwa kuwekwa bila kuhitaji mashine ya eksirei ndani ya thieta, na vimekuwa vikitumika katika nchi nyingi, Tanzania ikiwemo. Kwa hiyo vijana wawili walioanguka kwenye barabara moja, mmoja akapelekwa panapofanyika upasuaji huo na mwingine pasipofanyika, wanatofautiana kwa siku arobaini, na tofauti hiyo haikutoka kwenye mfupa. Muhtasari wa ruhusa hauna sehemu ya kuandika hilo. Hapa si suala la muuguzi kuharakisha faili. Ni la mkoa kuamua kijana huyo apelekwe wapi ndani ya siku mbili za kwanza.

Kwa wanaotaka kuanza: Kitabu namba 14 cha MTUHA kina tarehe ya kuingia na ya kutoka. Penye GoTHOMIS, mfumo wa serikali wa kompyuta wa kuendeshea hospitali, mambo ni rahisi zaidi. Chagueni ugonjwa mmoja tu, msichanganye. Daftari la kawaida na karatasi ya grafu vinatosha.

#6 Mwananchi, Kalya, Uvinza

Wanangu, mimi si mtaalamu. Nimemuuguza mke wangu hospitalini Kigoma mjini na nimesoma mazungumzo yenu yote. Nauliza mambo mawili.

Mnaposema siku zipungue, mnajua kwamba huku kwetu mtu akiruhusiwa Jumanne na boti la kurudi linaondoka Ijumaa, siku hizo atazilala wapi? Hospitali haimhesabu, lakini mimi namhesabu, maana chakula nanunua na pa kulala nalipa. Na akifika nyumbani kidonda kikafumuka, kurudi si kupanda bajaji. Ni usiku mzima ziwani, na ziwa likichafuka haturudi kabisa.

La pili, wakati mwingine sisi wenyewe ndio tunaoomba aendelee kukaa, kwa sababu hakuna aliyetueleza kwamba amepona. Tunaona bado ana mshono, tunaogopa.

#7 Mleta uzi

Mzee wangu wa Kalya, shikamoo. Maswali yako yamebeba uzito kuliko mengi tuliyoyaandika juu, na nitayajibu pamoja na hoja ya tatu ya Daktari.

Umbali ni tofauti uliyokuja nayo, kwa hiyo haifai mtu wa Kalya na mtu wa Mwanga, hapa Kigoma mjini, wawe na tarehe moja ya kuruhusiwa. Lakini inafaa wawe na vigezo vilevile vya kupona, kisha wa Kalya aongezewe anachohitaji kwa sababu iliyoandikwa kwenye faili: "anasubiri boti." Ikiandikwa hivyo, mwisho wa mwezi tutajua ni vitanda vingapi vya wodi vinatumika kama nyumba ya wageni, na tutaweza kuiambia halmashauri kwamba panahitajika banda la kusubiria lenye magodoro na jiko, kama ilivyofanyika kwa wajawazito wanaosubiri kujifungua. Bila kuandikwa, tutaendelea kuwachukia wagonjwa wa mwambao kwa "kukaa sana".

Pia tarehe inayotarajiwa ya kuondoka iandikwe siku ya kwanza au ya pili na ndugu waambiwe, hata kama itabadilika. Ndugu anayejua Jumatatu kwamba ruhusa inatarajiwa Alhamisi hutafuta fedha na boti kuanzia Jumatatu. Anayeambiwa Alhamisi mchana huanza kutafuta Alhamisi jioni. Haigharimu chochote isipokuwa kalamu.

Kuhusu kuwatoa watu mapema: Daktari yuko sahihi kwamba ukipima siku peke yake utapata siku fupi na makaburi. Lazima kipimo cha pili kiandamane nacho, yaani waliorudi kulazwa ndani ya siku 30, na kwa akina mama wa upasuaji, waliorudi na usaha kwenye kidonda popote walipokwenda, hata kwenye zahanati ya kijijini kwao. Siku zikipungua na wanaorudi wakaongezeka, tumeharibu. Ndiyo sababu ninakataa kabisa mkuu wa wodi kupewa lengo la siku. Apewe lengo la wagonjwa wangapi waliopona asubuhi wakaondoka siku hiyohiyo. Hilo liko ndani ya uwezo wake na halimshawishi kumtoa mtu mwenye homa.

Wengi wetu tuna timu za S tano na KAIZEN, utaratibu wa Kijapani wa kupanga mahali pa kazi na kuboresha kazi hatua kwa hatua, ambao Wizara ya Afya ilianza kuusambaza kwa msaada wa Wajapani wa JICA, Hospitali ya Rufaa Mbeya ikiwa ya mfano tangu 2007. Katika hospitali nyingi timu hizo zimeishia kupaka rangi makabati na kubandika majina kwenye mafaili. Wapewe kazi hii.

#8 Daktari, Kigoma

Nakubali la kuandika sababu. Nitaanza na wagonjwa wangu mwenyewe. Ninapinga bado mipaka ya chati kutumiwa kumpima daktari mmoja mmoja, kwani idadi ya wagonjwa wa mtu mmoja kwa mwezi ni ndogo mno kutoa picha.

#9 Mtunza takwimu, Tabora

Hapo hatubishani, Daktari. Chati ni ya wodi.

#10 Muuguzi, Kasulu

Naomba jibu la vitendo. Jumamosi na Jumapili daktari aliyepo ni mmoja kwa hospitali nzima, na yuko thieta. Nani atasaini ruhusa?

#11 Mleta uzi

Dada, tunachojaribu kupendekeza kwenye kamati yetu ya tiba ni ruhusa ya masharti. Ijumaa, daktari anayemjua mgonjwa anaandika muhtasari wote na kusaini, dawa za nyumbani zinatolewa famasi siku hiyohiyo na kuhifadhiwa kwenye kabati la wodi, na suala la malipo au msamaha linamalizwa kabla ofisi hazijafungwa. Kwenye karatasi yanabaki masharti ya kuthibitishwa na muuguzi Jumamosi asubuhi: kwa mama wa upasuaji, hana homa kwa saa 24, kidonda kikavu, anatembea na kukojoa bila mpira, haja ndogo haina harufu mbaya wala damu, mtoto ananyonya na ana joto la kawaida. Sharti moja likikosekana haondoki, na anaitwa daktari wa zamu.

Kwa wodi ya watoto karatasi ni nyingine, na ningeomba mwenye uzoefu aisahihishe. Mtoto wa malaria kali huchomwa artesuneti anapofika, baada ya saa 12 na baada ya saa 24, kisha, kama anaweza kumeza, anahamia dawa mseto ya ALu kwa siku tatu kamili. Saa hizo zihesabiwe tangu sindano yake ya kwanza, kwani wodi inayochoma saa kumi na mbili asubuhi na jioni tu humwongezea kila aliyefika saa nne. Asiendelezewe sindano kwa mazoea akiwa tayari anakula uji. Masharti yake ya kuondoka ni kwamba ameamka vizuri, ananyonya au anakula bila kutapika, hajapata degedege tangu jana, na wingi wa damu umepimwa na kuandikwa. Mama apewe pia tarehe ya kurudi kupima damu baada ya wiki moja hadi mbili, kwa kuwa baadhi ya waliotibiwa kwa artesuneti hupungukiwa damu baada ya kuwa wameshakwenda nyumbani. Kwa anayetoka mwambao, tarehe hiyo iandikwe kwa zahanati ya kwao, na barua aibebe mama mwenyewe.